Neno Nililokwambia Kwenye Seng'enge

Mume wangu, mjukuu wangu Kombo,

Salamu za walio hai hazina kazi huko uliko, naziruka. Naandika kwa herufi za chuoni, zile za kutoka kulia, maana za skuli sikuzipata; baba yangu alisema mtoto wa kike na kalamu ya skuli ni fitina. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu na acheke. Wewe hukuucheka. Uliniletea daftari kutoka bara ukasema, "Andika, Bibi. Mdomo wako mkali hivyo, kalamu itakuwaje?" Haya, leo naandika. Nna jambo la kukwambia, na nusu yake unaijua, tena katika wanaadamu tulikuwa tukiijua weye na mie tu.

Lakini kwanza nikugombeze. Nani alikwambia uinuke?

Nilikuwa kwa Bi Mkasi jirani, mbele ya televisheni yake, tunatazama mechi yenu. Kona ikapigwa, ukaruka, na yule mwenye jezi ya bluu akaruka, vichwa vikakutana. Nazi mbili zikigonganishwa ndiyo sauti yake. Ukaanguka kifudifudi, damu ikajaa sikioni ikamwagika majanini. Wakakufunga kitambaa cheupe, kikawa chekundu. Wakakufunga cha pili. Ukaondoa mikono ya daktari, ukainuka, ukarudi kusimama mbele ya goli lenu. Na mie, kizee nisiye na akili, nikapiga kigelegele! Nikamwambia Bi Mkasi, "Huyo ndiye Kombo! Huyo nimemlea mie!" Ukacheza hivyo hadi filimbi ya mwisho. Wenzako wanasema kwenye basi ulilala, wakakuacha ulale kwa kuwa ulifanya kazi kubwa. Walipofika wakakutikisa.

Sijapiga kigelegele tena tangu siku hiyo. Juzi kwa Bi Mkasi kulikuwa na harusi, nikafumba mdomo kama mwenye jino bovu.

Mama yako alipoolewa Tanga alikuacha kwangu una miaka minne, na mie nikakulea kwa namna niliyoijua. Babu yako alikuwa mcheza ng'ombe. Watu wa bara ukiwaambia Wapemba tunacheza ng'ombe hudhani tunatania, lakini wewe umezaliwa kwenye zumari za mchezo huo. Babu yako alikuwa akimkabili dume kwa kitambaa mkononi, wanawake tunaimba, waoga wako juu ya miti. Siku ile pembe ilipomwingia ubavuni ikamnyanyua ikamtupa, aliinuka akatoka uwanjani kwa miguu yake, utumbo kaushikilia kwa kanga yangu. Miaka miwili akaishi kwa uchungu, na hakuna aliyemsikia akilia. Nilijivuna mie! Nikaona huo ndio uanaume, kupasuliwa na kunyamaza.

Ulipofika miaka saba nikakusimamisha mbele ya ndama dume la Mzee Shaame. Ukajikojolea umesimama. Nikakupiga ufito wa mguu, nikakwambia, "Usitazame pembe. Pembe hudanganya, bega halidanganyi. Bega likienda, nawe nenda." Dume likakuangusha mara tatu, mdomo ukajaa mchanga na damu. Mara ya nne ukalikwepa. Yale mabeki wenzako waliyofundishwa na makocha wenye filimbi shingoni, weye ulifundishwa na ng'ombe. Ndiyo maana hupitiki. Wakakuita Komeo. Ulivunjwa pua, ukang'olewa meno mawili ya mbele, kiwiko kikatoka mahali pake ukakirudisha mwenyewe, nyusi zikashonwa mpaka hazina nywele, na washambuliaji wa kisiwa kizima wakikuona wanahamia upande mwingine.

Isipokuwa mmoja. Faki wa Konde.

Sasa nalikaribia. Utanisamehe mistari inayopanda.

Unaikumbuka siku ya uwanja wa Gombani, ile fainali yenu nyie wa Chake na watu wa Konde. Siku ile waliletwa mabwana wawili wa timu ya bara, wamekaa kwenye kivuli, na kila mtu anajua wamekuja kumtazama Faki. Hawakuja kukutazama weye. Faki alikuwa mwembamba, mguu wake wa kulia unauzungumzisha mpira. Kabla ya mapumziko akaupitisha mpira katikati ya miguu yako, akazunguka, akausubiri upande wa pili kama mtu anayesubiri mgeni. Akafunga. Watu wa Konde wakawika: "Komeo limeliwa na mchwa!" Na nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Si ndiyo kalelewa na ajuza? Atajua wapi kukaba."

Damu ikanipanda machoni. Mapumziko nikashuka mpaka kwenye seng'enge. Ulikuja kunywa maji, jasho linakutiririka, umeinamisha kichwa. Nikaushika waya kwa mikono yote miwili. Ulidhani nakuja kukupoza. Nikakwambia, "Akikupita tena usirudi kwangu. Mvunje."

Ulinitazama tu, kama ulivyonitazama ulipokuwa mbele ya dume la Mzee Shaame.

Kipindi cha pili Faki akaja tena. Nilikuona ukiliacha bega lake, ukauacha mpira, ukaingia kwa miguu miwili. Mlio wake sisi wachuma karafuu tunaujua: tawi la mkarafuu halionyi, hukatika tu na mtu juu yake. Mfupa ulitoka nje ya soksi. Faki hakupiga kelele kwanza. Aliutazama mguu wake unaelekea kusiko, akataka kuusimamia, ukakunjika tena. Ndipo akapiga. Refa akakupa kadi ya manjano. Ya manjano! Na watu wetu wakashangilia, na mie pamoja nao.

Wale mabwana wa bara hawakutaka kurudi mikono mitupu. Wakakuchukua weye.

Miaka yote uliyocheza bara, ukapewa unahodha, ukawekwa kwenye mabango, mie nikapita sokoni Chake shingo juu. Na kila ulipokuja likizo uliniambia jambo moja: "Bibi, twende Konde. Tukamtake radhi." Nami nikakujibu kila mara, "Mpira ni mpira. Babu yako nani alimtaka radhi kwa ubavu wake? Ng'ombe?" Ulikwenda peke yako mara mbili, akakufungia mlango. Ya tatu ukanisihi, ukasema, "Ukija weye atafungua. Kizee hafungiwi mlango." Nikakwambia siku nitakayokwenda kumpigia magoti mtu wa Konde, jua litoke Wete, lisikotoka kamwe. Ukacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, ukapanda boti. Sikukuona tena ana kwa ana ila ndani ya sanda.

Sikiliza sasa lililotokea siku ya kukuzika, maana ulikuwa umelala hapo hapo na hukuweza kujitetea.

Walikutoa nje baada ya Adhuhuri. Sisi wanawake tuko ndani, mie nimekaa chini ya dirisha. Umati ule sijapata kuuona. Shehe akasimama mbele ya jeneza akasema kama isemwavyo, "Ndugu zangu, marehemu tumeishi naye. Aliyekosewa naye amsamehe. Mnamsamehe?" Wakaitika wote, "Tumemsamehe." Na mie nikaitika ndani, moyo ukatulia.

Ndipo sauti moja ikasema, "Mie bado."

Nikachungulia: Faki, kasimama nyuma ya safu, fimbo kwapani, ule mguu mfupi unaning'inia. Shehe akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huyu ni maiti." Akajibu, "Najua. Nimekuja kwa miguu yangu mibovu ili nisiseme uwongo mbele ya maiti."

Kijana mmoja wa timu yako ya zamani akamrukia akamtia ngumi ya kinywa. Faki akamkata kwa fimbo usoni, damu ikaruka kwenye kanzu ya Shehe. Wakaingiana, Chake na Konde, kanzu zinachanika, kofia chini ya miguu, mzee mmoja kalala anakanyagwa. Jeneza likasukumwa. Mkono mmoja wa jeneza ukaachiwa, ukainama, nikaliona guo lililokufunika linateleza. Nilipiga ukelele nikasahau kwamba mie ni mfiwa wa kukaa ndani. Nikatoka nje kichwa wazi, nikalikumbatia jeneza lisianguke, nikawatukana matusi ambayo Shehe mpaka leo hanitazami. Wakaachana. Wakakuchukua. Faki akabaki amekaa chini kwetu barazani, anatema meno. Hakuna aliyemgusa wala kumpa maji. Hata mie.

Baada ya hitima nikamwita Shehe nikamwuliza, waliosamehe ni mamia, mmoja atazuia nini? Akanijibu akitazama pembeni, "Bi Mgeni, haki ya mja haifutwi ila na mja mwenyewe." Basi. Watu mia hawamlipii mmoja.

Jua likatoka Wete, Kombo. Nikapanda gari nikaenda Konde.

Faki ni fundi baiskeli sasa. Mara ya kwanza nilikwenda na mdomo wangu, weye unaujua. "We Faki, huna haya! Kumzuia maiti njiani kama mtoza ushuru!" Aliendelea kukaza spoku. Nikasema nikasema mpaka mate yakanikauka. Akasema, "Umemaliza, Bi? Gari ya Chake inaondokea pale." Nikarudi nimevimba.

Mara ya pili sikusema kitu, nikakaa tu kwenye kigoda chake. Mchana kutwa. Jioni akapandisha suruali akauweka ule mguu mapajani mwangu. "Shika," akasema. Nikashika. Una bonde, Kombo, katikati ya muundi, kidole kinalala ndani. Ngozi imebana kama ya ngoma. Akasema, "Wakati wa baridi unauma mpaka natamani niung'oe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Huo mkono ulioshika waya ndio ulioshika bonde lile.

Mara ya tatu nilimwambia. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa chini, kwenye grisi na misumari, nikamwambia, "Mwanangu, yule hakukuvunja kwa shauri lake. Nilimwambia mie. Kwenye seng'enge, wakati wa mapumziko. Nilimwambia, mvunje."

Spana ikamtoka mkononi. Nilidhani atanipiga nayo, wallahi nilimwinamishia kichwa. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "Aligeuka. Kabla hajanikata aligeuka akatazama kwenye seng'enge. Miaka yote hii najiuliza, alikuwa akimtazama nani."

Sikujua kuwa ulinitazama. Nilibaki pale kwenye waya, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mpira. Ulikuwa unangoja nini, Kombo? Nikutikise kichwa? Nikunyooshee mkono, nikwambie acha? Na mie nilikuwa nashangilia.

Faki akalia. Akalia kama alivyolia Gombani, wateja wakaondoka na baiskeli zao mbovu. Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa mweusi, akasema, "Kombo nimemsamehe. Dunia na akhera. Mwambie Shehe, Ijumaa nitakuja kulisema msikitini kwenu, mbele ya watu wale wale." Nikainua mikono kushukuru. Akaikamata mikono yangu angani akaiteremsha. Akasema, "Weye bado, Bi. Weye uko hai. Weye utakuja tena."

Alikuja kweli Ijumaa. Alisimama na fimbo yake mbele ya msikiti, akasema mbele ya watu wote, "Kombo sina kitu naye." Yule kijana aliyempiga ngumi alimshika mkono kumshusha ngazini. Mie nilikuwa ng'ambo ya njia, nimejifunika buibui mpaka machoni. Hakugeuka kunitazama.

Kwa hiyo lala, mume wangu. Ulale usingizi wa mtu aliyemaliza kazi, si ule wa kwenye basi. Nikikwambia inuka tena, hata ndotoni, usinitii. Makosa yako hayakuwa yako, na hilo nimelisema kwa mdomo wangu mbele ya Faki mwenyewe, na nitamwambia na Shehe, na yule mwanamke wa Gombani kama bado yu hai.

Nakuahidi jambo moja. Kila Alkhamisi nitapanda gari niende Konde, nikae chini pale kwenye misumari, sitasema neno ila nikiulizwa. Akinifukuza nitarudi. Akinisamehe nitakuletea habari mwenyewe, hatutakuwa mbali. Na asiponisamehe mpaka siku yangu, basi atakuja kulisema mbele ya jeneza langu, na nimeshawaambia wa nyumbani: asipigwe, apewe maji, apewe na kigoda akae.

Kesho ni Alkhamisi. Naenda kwa miguu yangu yote miwili, maadamu ninayo.

Bibi yako,
Mgeni