Santuri Iliyoanua Matanga ya Mama

Kaka yangu Elisante,

Shikamoo. Barua yako ya kusema unakuja imenifikia, na tangu hapo situlii. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naenda mferejini bila ndoo. Furaha ninayo, tena nyingi. Lakini kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda meli.

Unakumbuka uliporudi kutoka vita vya Burma na lile gitaa? Ulisema askari weusi wa Kimarekani walikufundisha muziki wao, bluzi, wa kuimba shida mpaka shida yenyewe ichoke. Ulikaa nyuma ya zizi ukanipigia, na mama akapita na majani ya ng'ombe kichwani akakuuliza, "Mwanangu, nani kakuudhi?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba, mzee wa kanisa, hakucheka. Ukaenda Nairobi, kisha London, na sokoni Tengeru wakaanza kuniita dada wa mwimbaji.

Mama alipofariki ulituma mistari miwili. Najua meli si ndege, usingewahi mazishi. Baba hakutaka kulijua hilo. Alisema matanga hayaanuliwi wakati mtoto wa kwanza hajamlilia mama yake, na nyumba yenye matanga haitoi bibi harusi. Basi nikakaa. Mchumba wangu wa Sekei naye akakaa. Miaka, kaka. Nilikuchukia, nakwambia wazi.

Ndipo ikaja santuri yako. Nilimbembeleza baba tukaenda mjini, kwenye duka lenye gramafoni. Sauti yako ilipotoka alivua kofia. Kiingereza hajui hata neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, machozi yakimtiririka mbele ya wateja.

"Amemlilia," akaniambia. "Mtoto wangu amemlilia mama yake."

Wiki ileile majirani walikuja na ndizi na maziwa, tukanyolewa nywele, matanga yakaanuliwa. Posa yangu ikapokelewa. Sasa harusi inakusubiri wewe tu.

Mimi Kiingereza cha shule ninacho. Nilisikia kila neno. Unamlilia mwanamke aliyekukimbia na dereva wa basi.

Nikanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema? Baba alikuwa ameshaanza kulitaja jina lako kwenye sala ya jioni, jina ambalo tulikuwa tunalinong'ona jikoni. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kila siku ananiambia kwamba ukifika atakuketisha umweleze maneno ya wimbo ule, moja baada ya jingine, ajue ulimwambia nini mama. Nawe kudanganya huwezi, tangu utotoni ukijaribu unaanza kucheka. Akijua, sijui atafanya nini na posa ile, sijui atafanya nini na moyo wake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo nisikilize, hata kama mimi ni mdogo. Ukifika usiingie ndani kwanza. Pita nyuma, migombani, alipolala mama. Kama ulimlilia huko London peke yako bila kutuambia, mlilie tena. Kama hujawahi, anza. Lia kwa Kimeru, kwa sauti, baba akusikie kutoka barazani. Mtu aliyelia hivyo haulizwi maneno ya wimbo.

Ni mimi mdogo wako,
anayekungoja ili aolewe.