Mkono Ndani ya Kakao

Beni, mvua inakaribia

Mdogo wangu Kahindo,

Natumaini baridi ya Butembo inayaonea huruma magoti yako. Moyo wangu bado unapiga, kwa uvivu; daktari anashangaa kuliko mimi.

Leo mama mmoja kando ya barabara alikuwa akianua kakao yake kwenye turubai. Nikaokota punje chache, nikanusa.

"Papa, hii hapana parfum!" akacheka. "Unanunua ao unanusa tu?"

"Nanusa tu."

"Basi unusie kwenu, mvua inakuja!"

Nikakumbuka uongo wangu. Nilipoacha ualimu nikaanza kununua kakao, niliwaambia nyote kwamba nilikuwa nimeichunguza biashara hiyo mwaka mzima. Sikuchunguza kitu. Nilikuwa nikipita Oicha, mkulima mmoja akaniambia niingize mkono chini ya majani ya mgomba, ndani ya rundo la kakao inayochacha. Ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Kabla sijautoa mkono, nilijua sitarudi darasani.

Kwenye kikao cha familia nilimkataza binti yako Masika kuacha kazi ya ofisi ili atengeneze sabuni, mpaka achunguze kwanza "kama mjomba." Mwambie ukweli huu kabla sijafa. Kama moyo wake umeshaamua, aanze. Akianguka, semeni ni mimi niliyemtuma, sitakuwepo kujitetea.

Vaa sweta, ule vizuri. Nakupenda.

Kaka yako,
Paluku