Nani Kaifufua Saa ya Gari

Kambini, 4 Juni

Mama watoto,

Habari za hapo nyumbani? Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi ni mzima, ila vumbi la barabara tunayojenga na moshi wa kuchomelea vyuma vimenifanya nizungumze kama jogoo mwenye mafua. Naandika kwa sababu simu hapa haishiki.

Mdogo wangu alipita kunisalimia. Katika mazungumzo akasema ulimpa lifti mpaka stendi, na kwamba saa ya kwenye dashibodi inafanya kazi. Nikacheka, nikamwambia amechanganya na redio. Akaapa kwamba ameiona kwa macho yake, tarakimu za kijani zinawaka na dakika zinakwenda.

Sasa mke wangu, saa ile unaijua. Tulilinunua gari ikiwa imeshakufa. Niliifungua mwenyewe, nikaihangaikia Jumapili nzima, nikaifunga tena nikatangaza kuwa ni maiti. Na kazi yangu ni kuchomelea vyuma, si kuuza nyanya. Basi nauliza tu, kwa nia njema: nani aliitengeneza? Si kwamba nina neno. Nataka nimshukuru huyo fundi.

Wasalimie watoto.

Mumeo

Nyumbani, 9 Juni

Baba watoto,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, kikohozi kimekwisha, sasa ni meno. Hiyo sauti ya jogoo inywee maji ya moto, na uache kuvuta moshi kazini kisha ukavuta mwingine kwa starehe.

Umetaka kumshukuru fundi. Haya, nishukuru. Ni mimi.

Unajua nikipeleka shuleni sare ninazoshona lazima niwahi kabla mwalimu mkuu hajafunga ofisi. Simu iko mkobani, mikono iko kwenye usukani. Nikachoka kubahatisha. Nikaichokoa saa kwa kisu cha mezani nilichokizungushia kitambaa nisije nikakwaruza dashibodi. Nyuma yake kuna bodi ndogo ya kijani, na kila kifaa kimesimama juu yake kwa vimiguu vilivyogandishwa na lehemu, ile risasi laini inayoyeyuka. Nikavaa miwani yangu ya kutungia uzi, nikaona kwenye vimiguu viwili ufa mwembamba wa duara. Vilikuwa vimesimama lakini havijashika, kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja.

Fundi redio wa kona aliniuzia lehemu, akaniazima na kichomeo. Nikajifunza kwanza kwenye redio mbovu ya watoto, kisha nikavigusa vile vimiguu mpaka lehemu ikayeyuka na kukaa upya. Kulikuwa na udhia mwingine mdogo pale pembeni, nikaumaliza kishonaji, si kitu cha kuandikia barua. Mara ya kwanza saa ilikataa. Mara ya pili ikawaka. Nilikaa garini peke yangu nikicheka.

Nilitaka uione mwenyewe ukija likizo. Shemeji ameniwahi.

Mkeo akupendaye

Kambini, 14 Juni

Mama watoto,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Maneno yamenyooka mno. Vimiguu, ufa wa duara, bodi ya kijani. Mshonaji anayajulia wapi hayo? Mtu huongea hivyo akiwa amesimuliwa na mwingine aliyeketi karibu. Na huyo fundi redio umemtaja mwenyewe. Mdogo wangu alipopita tena nimemuuliza, anasema alimwona kwenye geti letu, kichomeo mkononi, anapiga mluzi. Mtu akiondoka kwenye nyumba ya watu huku anapiga mluzi, amefurahia nini?

Mimi nachomelea nguzo za daraja na saa ile ilinishinda. Wewe pasi ya nguo ilikushinda, ukaunguza shati langu la harusi. Niamini nini? Nikiwa juu ya nguzo nawaza hayo hayo, na juzi nusura niteleze. Nakuambia ukweli, naona wivu, na unanitafuna.

Mdogo wangu atakuja kulichukua gari Jumamosi. Likae kwake mpaka nirudi tuongee.

Mumeo

Nyumbani, 21 Juni

Baba watoto,

Watoto hawajambo. Mimi usiniulize.

Shemeji amelichukua gari. Sare nimezipeleka kwa mkokoteni, nusu zimelowa mvua, na mwalimu mkuu amesema muhula ujao atatafuta mshonaji mwenye usafiri. Kazi yangu inaondoka kwa ajili ya mluzi.

Siku hiyo shemeji alipomwona, fundi redio alikuja kuchukua kichomeo chake. Alisimama getini, nikampa, akaenda, hakuvuka kizingiti. Mluzi wake mtaa mzima unaujua, hata msibani hujizuia kwa shida.

Ila kabla gari halijaondoka nilifanya jambo moja. Niliichomoa saa, nikaenda nayo dukani kwa fundi, mkewe akiwa ameketi pale anashuhudia. Nikaiyeyusha lehemu ya vile vimiguu viwili, nikavilegeza kama vilivyokuwa. Dereva wa basi anakuletea kifurushi: saa, na lehemu iliyobaki. Kichomeo tafuta huko, wewe ni mtu wa moto. Itengeneze. Ukifaulu, uniandikie ni mwanamume gani alikusaidia.

Na umwambie shemeji kwamba dashibodi sasa ina shimo. Akitaka kusikiliza mambo ya nyumba yangu, atie sikio hapo.

Mama wa watoto wako

Nyumbani, 30 Julai

Baba watoto,

Salamu. Kimya chako kimenifikia. Mdogo ameota jino. Dereva wa basi anasema kifurushi ulikipokea kwa mkono wako mwenyewe na hukumwambia hata asante.

Mama wa watoto wako

Kambini, 18 Agosti

Mke wangu,

Salamu nyingi, kama bado zinapokelewa. Sauti imepona, aibu imebaki.

Niliazima kichomeo kwa fundi umeme wa kambi. Wenzangu wakanizunguka kutazama. Mkono uliozoea nguzo za daraja ukatua pale kama nyundo. Lehemu ikamwagika, vimiguu vikashikana, na pembe ya bodi ikaungua. Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Kushindwa nilishashindwa, lakini shaka haikutoka. Nikajiambia, kama mimi nimeshindwa hivi, basi kweli ni yule wa mluzi.

Mwisho nikaipeleka kwa fundi saa mjini. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna. "Aliyeharibu hapa ni nani?" Nikamwambia ni mtoto. "Na aliyetengeneza hapa?" Akanionyesha. Kando ya vile vimiguu, njia ya shaba ilikuwa imekatika, na mtu ameiunga kwa uzi mwembamba wa waya. Fundi akasema, "Sisi waya tunaulaza tu, tunaubandika. Huyu ameuzungusha kwenye kimguu mara tatu, akaupitisha chini, akafunga fundo. Fundi gani wa umeme anafunga fundo?"

Nikajitazama kifuani. Nilikuwa nimevaa lile shati la bluu ulilonishonea. Nikamwomba kioo, nikaangalia shingo ya kifungo, pale uzi unapozungushwa chini yake. Ni fundo lile lile, mama watoto. Mizunguko ile ile, limelalia upande ule ule. Nikakaa kwenye benchi lake nikalia, akadhani naililia saa.

Nisamehe. Mdogo wangu nimemwambia alirudishe gari leo leo. Fundi anasema saa inatengenezeka. Aitengeneze, nikutumie kwa dereva wa basi?

Mumeo akupendaye

Nyumbani, 25 Agosti

Baba watoto,

Salamu zako zimepokelewa. Gari limerudi, tangi kavu, viti vinanuka sigara. Mwalimu mkuu nimemwendea, amesema atafikiria.

Barua yako niliisoma nikiwa natia vifungo. Na mimi nililia, sikufichi. Lakini nilikuandikia kwa mkono wangu, jambo kwa jambo, hukuamini. Mdogo wako akakwambia mluzi, ukaamini. Fundi saa usiyemjua akakwambia fundo, ukaamini. Fundo halikukuzalia watoto.

Saa usimpe fundi, wala usimpe dereva. Ilete mwenyewe, hivyo hivyo ilivyoungua. Nitaitengeneza hapa mezani na wewe utanishikia taa. Usiseme neno mpaka iwake. Ikikataa, tutaendelea kukaa hapo hapo.

Shimo la dashibodi nimeliziba kwa kipande cha kitambaa cha sare. Watoto wakiuliza saa imekwenda wapi, nawaambia iko kwa baba yao, atarudi nayo.

Mkeo, aliyeitengeneza