Dawa ya Minyoo na Udi wa Mwanaidi

Ijumaa, 6 Februari 2015
Kanzu za sir zimekwisha pigwa pasi. Madam kajifungua juzi, anataka nyumba isiyo na ugonjwa. Katugawia dawa ya minyoo, mimi na Mwanaidi mpishi. Nimemeza. Sikuwa nimemeza tangu nitoke Lushoto kuja Dubai mwaka juzi. Na kweli walikuwemo. Kinyaa!

Jumanne, 3 Machi
Chafya asubuhi nzima. Macho yanawasha, mikono ina mapele. Paka wa madam hulala miguuni pangu tangu nije, sijawahi kupiga chafya hata moja. Kipya hapa ni udi tu. Mwanaidi kaletewa kutoka kwao Unguja, anaufukiza chumbani kwetu kila alasiri. Halafu ananitazama.

Jumamosi, 7 Machi
Kifua kinapiga filimbi. Madam kasikia. Kasema nisimguse mtoto. Nisipopona wiki ijayo, khalas, nirudi kwetu. Na mwanangu ndiyo kwanza kaanza sekondari, nani atamsomesha?
Mwanaidi ana binamu anayetafuta kazi hapa Dubai. Nimeanza kuelewa. Chetezo kakihamishia uani bila kuambiwa. Anaficha ushahidi. Chakula chake sili tena, namwaga, nanunua mkate. Bado ananiwekea sahani, kaifunika vizuri. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 11 Machi
Kliniki, Oud Metha. Daktari Mhindi, nesi Mkenya anatafsiri. Nikawamwagia yote ya udi. Nesi akauliza, "Dawa gani umekunywa juzi juzi?" Ya minyoo tu. Wakatazamana.
Eti minyoo wakikaa tumboni huipoza kinga ya mwili, isiwafukuze. Ikishapoa, haijali hata vitu vingine. Wangu wametoka, kinga imeamka na hasira zake, inapigana na paka. Daktari kasema hana hakika kama ni dawa iliyoamsha. Ila kuhusu paka ana hakika: walinichoma mkononi matone ya vitu mbalimbali kunipima, la paka likavimba.
Wiki nzima namchukia mtu.

Ijumaa, 13 Machi
Madam kasikiliza vizuri. Paka haondoki. Naondoka mimi, ila si Lushoto: kwa dada yake, Al Jaddaf, hafugi mnyama. Alhamdulillah hata mimi Mkristo nimesema.
Mwanaidi kanifungia wali wa nazi na samaki. Kaniuliza, "Na huu utaumwaga?"
Kumbe alijua siku zote. 
Nimeula ndani ya gari, kwa mkono, wote.