Manjano Kwenye Rejeta

Baba Komal,

Dengu ziko jikoni, uzipashe tu. Hazina manjano, na sababu unaijua.

Asubuhi fundi Ezekia kamwaga maji ya rejeta, yakatoka ya njano yenye mabonge. Akacheka: "Mama, nani kapika mchuzi humu?" Mimi sikucheka. Pakiti nzima ya manjano ulimimina humo kuziba panapovuja, halafu juzi ukakaa kimya nilipomwita Dada Pendo mwizi wa manjano. Miaka tisa amelea wanao! Ulimwona anafunga begi, ukaendelea na chai yako.

Na wala rejeta haikutoboka. Ni mpira wake wa chini uliopasuka. Ezekia kabadilisha, kakaza klipu, gari halivuji tena.

Nimeenda nalo Igowole, kwao Dada Pendo, kumrudisha. Duka la Mwanjelwa ufungue wewe. Dawa ya presha usisahau.

Akikataa kurudi ~~na mimi sirudi~~ nitakupigia, uongee naye mwenyewe. Akikubali, usimtume mtoto mlangoni. Mimi nitamwomba radhi kwao, mbele ya mama yake. Wewe utamwomba hapo mlangoni, kabla hajatua begi.

Mama Komal