Butoyi na Swali la Kilima

Jumatatu, 6 Mei
Kipindi cha tatu, maumbo ya nchi. Chaki imenikatikia mara mbili. Nimechora kilima, mlima, safu ya milima. Nikasema mlima ni mrefu kuliko kilima, na urefu hupimwa kuanzia usawa wa bahari. Butoyi, yule binti wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.
"Mwalimu, si ulisema ziwa letu liko juu kuliko bahari? Basi uwanja wetu wa mpira nao ni mlima?"
Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Miaka tisa nafundisha Darasa la Nne, sijaulizwa hivyo. Nimefurahi mno.

Jumanne, 7 Mei
Nimepekua vitabu, nimeuliza wenzangu. Kila mtu na lake. Mmoja anapima kilima kutoka chini yake, mwingine anatazama mteremko, mwingine anasema ni jina tu walilokipa wenyeji. Basi twende tukaone. Kilima cha nyuma ya kijiji, Jumamosi. Watoto wa Ilagala hawa, kuogelea wanajua, kupanda hawajui. Mwalimu Mkuu amekubali, ila kila mzazi asaini.

Alhamisi, 9 Mei
Wamesaini wote kasoro mama Butoyi. Mtoto ana pumu. Nilimkuta mama ufukweni, anageuza dagaa.
"Akibanwa kifua kule juu, Mwalimu, utafanyaje?"
Nikamwambia kweli: sijui. Nikamwomba aje naye. Akageuza dagaa wengine. Mwisho akasema atakuja, na dawa ya kupuliza ataishika mwenyewe.
Naogopa. Natamani Jumamosi ifike leo.

Jumamosi, 11 Mei
Tumepanda!
Asubuhi nyasi zilikuwa mbichi, zinateleza. Watoto walianza kwa mbio, nikawafokea. Katikati ya mteremko Butoyi akakaa chini. Kifua kinapiga mluzi. Midomo imepauka. Watoto wakasimama walipo. Mama yake akampulizia dawa, mara moja, mara mbili. Nilijilaumu. Nikasema turudi wote.
Mama akasema tungoje kwanza. Mluzi ukapungua, ukaisha. Mama alimtazama usoni, akamsikiliza mgongoni, kisha akasema, "Polepole. Mimi nyuma yake."
Darasa zima likapanda kwa mwendo wa Butoyi. Hakuna aliyempita.
Na juu! Mto Malagarasi unaingia ziwani na maji yake ya udongo, mstari umejichora kabisa. Ng'ambo, milima ya Kongo. Watoto wakapiga vigelegele. Butoyi akazunguka kileleni, akitazama kila upande.
"Mwalimu, huu wetu ni kilima. Nimeuona wote, mwanzo na mwisho. Ule wa Kongo siuoni unapoishia. Ile ni safu."
Mama yake akacheka. "Sisi Waha, kilima na mlima, vyote twaita umusozi."
Nimeandika majibu yote mawili.

Jumapili, 12 Mei
Mapaja yanauma. Jioni nimepita kwao. Butoyi alikuwa amesinzia mkekani. Mama yake akanisogezea kigoda. Tukakaa mlangoni, tunasikiliza anavyopumua. Vizuri tu.