Nilimjibu Martha Bila Kumsikia

Mpendwa mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama nimekuzidi mimi, basi pokea salamu za Bariadi na unisaidie, maana nina jambo limenikaba kooni siku ya kumi na tisa leo na mke wangu amechoka kunisikiliza. Naitwa Novatus, nina miaka hamsini na saba, nimefanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba miaka ishirini na sita, na mwaka juzi masikio yangu yalianza kuzima, kwanza la kushoto, halafu la kulia, mpaka sasa nikikaa na watu naona midomo inachezacheza tu na ninachopata ni muungurumo kama wa lori lililo mbali. Daktari aliniambia ni kelele za mitambo zimechanganyika na umri, akaniandikia nikapimwe na mtaalamu Mwanza, ile karatasi nikaikunja nikaitia ndani ya Biblia na sikwenda.

Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu Eufrasia. Niliacha kwaya nikasingizia kifua. Niliacha kupokea simu, watu wakasema Novatus siku hizi anaringa. Niliacha hata kwenda kunywa chai na wenzangu, kwa sababu mtu akikuuliza hili ukamjibu lile, wa pembeni wanacheka, na kicheko hakihitaji masikio, unakiona usoni.

Mwaka jana mwezi wa nane, Martha, ambaye nilisoma naye sekondari na sasa yuko kwao Migato, aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja, linaitwa Geuza Kaseti, na kazi yake ni moja tu, kutumiana nyimbo za zamani na kukumbushana mambo. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa na redio kaseti, mimi ndiye niliyekuwa nakaa na kidole kwenye kitufe nikisubiri mtangazaji anyamaze ninase wimbo, betri zikichoka tunazianika juani, na kaseti tunairudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili betri zisiishe kabla ya kipindi cha Jumapili. Basi siku naingia Martha akaandika, "Mwenye redio amefika, sasa tumekamilika."

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Nilikuwa sijakaa na watu mwaka mzima, na ghafla nikawa nimekaa na watu thelathini na moja. Mtu akituma wimbo nasoma jina lake, nafumba macho, na wimbo unapiga kichwani mwangu toka mwanzo hadi mwisho, magitaa, tarumbeta, kila kitu, kwa sababu zile nyimbo nilizijua kabla sijamjua mke wangu. Naandika, "Subirini gitaa la pili, linaingia tarumbeta zikinyamaza," nao wanajibu, "Huyu ana masikio huyu!" na Eufrasia aliyeketi pembeni ananitazama anatikisa kichwa. Mtu akituma ujumbe wa sauti, Eufrasia anasikiliza ananiandikia. Machibya, yuko ofisini Lagangabilili siku hizi, shuleni hatukuwa tunaelewana kabisa, kumbe yeye na mimi tunapenda nyimbo zile zile. Nilianza tena kucheka. Nilianza tena kula vizuri, mke wangu ni shahidi.

Sasa shida. Eufrasia alikwenda Maswa, binti yetu amejifungua, mimi nikabaki peke yangu. Jumamosi asubuhi nafungua simu nakuta ujumbe wa sauti wa Martha, karibu dakika mbili. Martha ana mchezo wake, anajirekodi akiimba kipande ili tubahatishe ni wimbo gani, nami huwa wa kwanza kujibu, nikasema nikikaa kimya leo watashangaa. Nikaandika, "Hapo Martha umenigusa! Rudia tena, utamu kama huu hauchoshi." Nikaweka na vikatuni vitatu vya watu wanaocheza.

Alikuwa anatuambia mama yake amefariki.

Nilijua pale Machibya alipoandika, "Novatus, una akili timamu? Mtu anakwambia amefiwa, unamwambia arudie?" Chini yake pole zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, halafu jioni nikaona mstari mdogo unaosema Martha ameondoka kwenye kundi. Nikaandika kwamba simu alikuwa ameishika mtu mwingine. Machibya akauliza, "Nani?" Sikujibu mpaka leo. Mazishini sikwenda, na mama yule nilikuwa namwita mayu kama watoto wake wa kumzaa, nililala kwake likizo tatu.

Eufrasia anasema niseme ukweli. Lakini nikisema sisikii, wataniuliza mwaka mzima nilikuwa nasifu nini? Wataniona mwongo, au watanihurumia waache kunitumia nyimbo, nami nirudi kwenye kile kiti changu cha kimya. Nijitoe kundini polepole au niseme? Na Martha nimwambie nini? Watu hawa nawashukuru kuliko ninavyoweza kuandika, na angalia nilivyowalipa.

Novatus, Bariadi

*

Novatus,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika, na vyote viwili nakupa leo.

Pole kwanza. Mtu aliyeimba kwaya, aliyekuwa na redio peke yake kati ya wenzake, kuzimikiwa masikio ni msiba, na wewe msiba huo umeulilia peke yako chumbani miaka miwili. Hakuna aliyekuletea hata pole, kwa sababu hukumruhusu mtu ajue. Nakupa mimi sasa: pole sana, kaka yangu.

Sasa nisikilize, yaani nisome vizuri. Ulichoandika Jumamosi ile hakikuwa kosa lako kubwa. Hiyo ni ajali, inaweza kumpata yeyote anayejibu asichokisikia, na wenye masikio mazima wanafanya hivyo kila siku. Kosa lako ni kile ulichofanya baada ya kujua. Ulipojua, ulisingizia mtu ambaye hayupo. Ulipojua, ulikaa Bariadi ukajifungia wakati mama aliyekulaza kwake anafukiwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba! Martha hakuondoka kundini kwa sababu ya vikatuni vyako. Nadhani aliondoka kwa sababu alingoja siku nzima mwenye redio aje kusema neno, na mwenye redio hakuja.

Unauliza ulikuwa unasifu nini mwaka mzima. Ulisifu nyimbo unazozijua. Hapo hukumdanganya mtu, kwa hiyo mzigo huo utue, usiubebe bure. Unaogopa watakuhurumia. Wakuhurumie! Kwani ubaya uko wapi? Wewe ulipomsikia mwenzako kaugua hukumhurumia? Unasema unawashukuru, lakini wao hawajui unawashukuru kwa lipi. Wanadhani walikupa burudani tu. Hawajui walikutoa kwenye kiti cha kimya. Utawaficha jambo hilo mpaka lini?

Fanya hivi. Wiki hii, wiki ijayo ni mbali, nenda Migato. Usitume ujumbe, usimtume mtu, nenda na miguu yako na mke wako. Ukifika usianze na masikio. Ukianza na masikio utakuwa umekwenda kujitetea, na mfiwa hana haja ya utetezi wako. Anza na marehemu. Toa pole yako yote, ikiisha ndipo useme la masikio, kwa maneno machache, na akikugombeza mwache akugombeze mpaka achoke. Ukirudi, andika kundini mwenyewe, mistari mitano inatosha: sisikii, sikusikia siku ile, simu ilikuwa mkononi mwangu, nisameheni, asanteni. Neno la mwisho usilisahau.

Na ile karatasi ya daktari itoe kwenye Biblia uende Mwanza. Siku hizi vipo vifaa vya kuvaa sikioni vinavyosaidia wengi. Pengine vitakufaa, pengine havitakufaa, lakini mtaalamu ndiye atakayesema, si wewe. Usimwage mafuta wala dawa ya mtu yeyote masikioni. Mke wako amekuwa masikio yako miaka miwili bila mshahara wala likizo, naye mwambie asante leo, kabla hujakunja gazeti hili.

Mshauri wako

*

(Majuma matatu baadaye Novatus alituandikia tena. Tumeichapa barua hii kwa ruhusa yake na ya Martha.)

Mpendwa mshauri,

Nilikukaidi kidogo, nisamehe. Ulisema nianze na Migato, mimi nikaanza na kundi, maana ujasiri wa Migato ulikuwa haujanijia. Niliandika mistari uliyonipa, nikaongeza mmoja wangu, kwamba mwaka mzima wamekuwa wakinitumia nyimbo wakidhani wananichezesha, kumbe walikuwa wananiweka hai. Nikatuma, nikaiweka simu kifudifudi mezani nikatoka nje kumwagilia mchicha usiohitaji maji.

Eufrasia ndiye aliyenifuata na simu. Watu walikuwa wameandika mpaka nikashindwa kumaliza kusoma. Constantine, ambaye tangu kundi lianze hajawahi kuandika zaidi ya neno "sawa", aliandika ukurasa mzima kuhusu baba yake aliyezeeka bila kusikia na hakuna mtu nyumbani aliyejua kuongea naye. Tangu siku ile anayetuma wimbo anaandika chini yake unaanzaje, nani anaimba, alikuwa wapi alipousikia mara ya kwanza. Sikuwaomba. Machibya yeye hakuandika kitu. Kesho yake asubuhi alisimamisha gari mlangoni kwangu, ametoka Lagangabilili, akanikumbatia, akamwambia Eufrasia, naye akaniandikia: "Mwambie avae viatu, tunakwenda Migato."

Tuliondoka wote watatu, na njiani Machibya, kupitia maandishi ya Eufrasia, alitaka atangulie kuingia amweleze Martha. Nikakataa. Nikamwambia nimeshauriwa nianze na marehemu.

Tulimkuta Martha barazani anachagua pamba, chafu huku, safi huku. Alituona, hakuinuka. Nikamsalimu, nikakaa chini kwenye mkeka mbele yake, nikasema, "Martha, nimechelewa, najua. Nimekuja kumlilia mayu." Nikashindwa kuendelea, nikalia, sijalia hivyo tangu nimzike baba yangu. Nilipofuta macho nikaona midomo yake inakwenda. Alisema kwa muda mrefu, kwa hasira, mkono unapigapiga kwenye rundo la pamba. Eufrasia alitaka kuingilia, nikamshika mkono. Nikangoja mpaka midomo iliposimama.

"Martha," nikasema, "sijasikia hata neno moja ulilosema sasa hivi. Sisikii. Ni mwaka wa pili. Na siku ile sikukusikia, nilijibu tu. Simu ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe."

Alimtazama Eufrasia. Akamtazama Machibya. Wote wakaitikia kwa kichwa. Akainuka akaingia ndani, mlango akausukuma nyuma yake, nami nikajua ndiyo basi, ametufukuza, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Akatoka na daftari na kalamu. Alikaa palepale kwenye mkeka akaandika, anasimama, anafuta macho kwa kanga, anaendelea. Akaligeuza daftari kwangu. Nakunakilia alivyoandika, karatasi ile ninayo:

"Ndugu zangu wa Geuza Kaseti, mayu ametuacha leo alfajiri. Nilimpelekea uji nikamwita hakuitika. Nyumba imejaa watu lakini nimekuja huku nyuma ya ghala niongee na ninyi, kwa sababu ninyi mlimjua akiwa na nguvu zake. Nguvu ya kumpigia kila mtu sina. Mwenye neno lolote juu yake aniambie, nitashukuru."

Chini yake alikuwa amepiga mstari, akaandika: "Ndivyo nilivyosema siku ile, Novatus. Sasa jibu."

Akanipa kalamu. Niliiweka chini, nikamjibu kwa mdomo. Nilimweleza jinsi mama yake alivyonifundisha kukamua ng'ombe nikaangusha kibuyu cha maziwa yote, naye akacheka badala ya kunichapa, akaniita ng'wanone, mwanangu, akaniambia ng'ombe atatoa mengine kesho. Nilimweleza mengine mengi, mpaka jua likahama barazani. Eufrasia ananiambia nilikuwa napaza sauti mno, hata majirani walitoka nje kutazama, lakini Martha hakuninyamazisha.

Wabeja sana, yaani asante sana, mshauri.

Novatus, Bariadi